Mwanza siyo mawe na samaki tu

Shosti wangu,

Nimeiona meseji yako ya juzi, ile uliyoandika "nije Mwanza kufanya nini, huko si mawe na samaki tu". Nikacheka, halafu nikakasirika, halafu nikakumbuka kuwa hayo maneno nilikufundisha mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilivyohamishwa huku kila ukipiga simu nilikuwa nakwambia hivyo hivyo, mawe na samaki, na wala sikuwa nadanganya maana nilikuwa naijua barabara moja tu, ya kutoka Buzuruga nilikopanga hadi ofisini mjini, asubuhi daladala jioni daladala, Jumapili kanisani nikirudi nafua. Miaka minne shoga, minne mizima. Basi leo badala ya kukutumia voisi ya dakika kumi na mbili kama kawaida yangu nimekaa chini nikuandikie, kwa sababu kuna jambo moja humu ndani sitaki nilisemee kwenye voisi, utalikuta mbele.

Iliyonianzisha ni mvua. Jumamosi moja nimetoka kazini saa saba, mvua hiyo ya huku isiyopiga hodi, nikajibanza kwenye kibanda cha fundi pale Makoroboi. Fundi anagonga bati, mwenzake anagonga bati, yaani kelele mtindo mmoja, na mvua juu ya bati nayo inagonga. Nikamuuliza tu kwa kupoteza muda, hivi kwa nini panaitwa Makoroboi? Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini maji yamelowa. Akainua kikopo, akanionyesha, "koroboi si hii". Kumbe mafundi wa hapo ndo walikuwa wanachukua makopo na mabati chakavu wanatengeneza vile vibatari vya mafuta ya taa, tena siyo taa tu, na vyombo vingine vya nyumbani. Mimi hilo jina nimelitaja kwa makonda mara ngapi sijui, "Makoroboi shusha", na bibi yangu mwenyewe alikuwa na koroboi dirishani kwake tulikuwa tunasomea, lakini haikuwahi kunijia kichwani kwamba nataja taa. Nilirudi nyumbani nimelowa nikiwaza, kama hilo liko wazi namna hiyo na sikuliona, je mengine?

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu wa kijinga kidogo. Jumamosi mchana au Jumapili baada ya misa napanda daladala ya njia nisiyoijua, nashuka mwisho wa gari, namtafuta mtu mzima kuliko wote aliyekaa kivulini, nasalimia kwa Kisukuma changu kibovu, "mwangaluka mayu", salamu ya asubuhi, hata kama ni saa tisa alasiri (wanacheka sana), halafu nauliza kwa nini hapa panaitwa hivi. Basi. Wengine wananiona kichaa, mmoja aliniuliza kama natafuta kiwanja. Lakini wengi wanasogea wanakupa nafasi kwenye benchi.

Unalijua lile jiwe lililosimama ziwani karibu na Capri Point, kila mtu akija Mwanza lazima apige nalo picha? Linaitwa Bismarck, jina la yule kansela wa Wajerumani. Wajerumani walijenga boma lao hapa mwaka 1892, na sasa fikiria, mtu yuko zake Ujerumani, hilo jiwe hajawahi kuliona, limewekwa hapo tangu dunia inaumbwa, halafu linaitwa yeye. Nikamuuliza mzee mmoja anayeshona nyavu pale ufukweni, nyie mnaliitaje? Akasema "jiwe". Nikasema hapana, jina lake la zamani. Akasema mama, mawe hapa mengi, tukianza kuyapa majina tutavua saa ngapi. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Na habari ya Speke je. Tuliisoma wote darasa la tano tukaikariri, mzungu wa kwanza kuona ziwa, tarehe 3 Agosti 1858, mwenzake Burton kamwacha Tabora anaumwa. Tulichokuwa hatuambiwi ni kwamba alikaa hapa siku kama tatu tu akageuza! Siku tatu, hakupata hata mtumbwi wa kuvukia, akaondoka na hitimisho kwamba hiki ndo chanzo cha Nile, akalipa ziwa jina la malkia wake, na ghuba ile ya kwenda Ukerewe ikaja kuitwa kwa jina lake yeye. Wakati watu walikuwa wanaita zao Nyanza, na Mwanza yenyewe wanasema imetokana na hilo hilo neno. Sasa mimi na kiburi changu nilianza kumsema, halafu nikajistukia, yeye kwa siku tatu alikuwa ameshapanda mlima akaangalia, mimi kwa miaka minne hata Isamilo sijapanda. Nikapanda wiki iliyofuata. Pumzi iliniisha njiani, watoto wanapita na ndoo za maji kichwani wananipa pole. Zile nyumba unazoona kwenye picha zimekaa juu ya majabali, huko ndani hakuna barabara, ni vijinjia kati ya jiwe na jiwe, kila tofali na kila mfuko wa saruji ulipanda mgongoni kwa mtu. Tangu siku hiyo nikiona nyumba ya mlimani sioni "mandhari", naona mgongo.

Ila mahali nilipokaa mpaka ikabaki tu mtu anifukuze ni mwaloni Kirumba. Huku soko la samaki la ufukweni wanaliita mwalo. Shoga harufu ya kwanza itakurudisha, vumilia dakika kumi pua inazoea. Magunia ya dagaa yamepangwa kama ukuta wa ngome, wanunuzi wengine wametoka Kongo, huko nyuma akina mama wanachambua. Mimi nilikuwa nadhani dagaa ni dagaa. Nikakaa na mama mmoja akanipa darasa. Kwanza, dagaa wanavuliwa usiku wa giza, siyo giza la kawaida, giza la mwezi. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, zamani karabai sa hivi nyingi ni za sola, dagaa wanafuata mwanga ndo wanazungushiwa nyavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, wavuvi wanarudi nyumbani kupumzika na bei inapanda. Kwa hiyo huyu mama kalenda yake ni mwezi, mikopo yake ya kikoba anaipanga kwa mwezi, ada ya shule anaiomba isubiri giza! Pili, kuna dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye vichanja, na wale wanaokwaruza meno kule kwenu Mbagala, wale unaonipigia simu kunilaumu kana kwamba nimewaanika mimi, ni wa mchangani. Wa kichanja wana bei. Usilipie bei ya kichanja ukapewa mchanga, chukua wachache usugue kiganjani uangalie kinachobaki.

Usiku nilienda kuziangalia hizo taa. Ukisimama ufukweni siku ya giza unaona kama kuna mji mwingine kule majini, mkubwa kuliko huu wa kwetu. Sikupiga picha, simu yangu unaijua.

Mengine nayapitia haraka maana mkono unauma. Kisiwa cha Saanane kipo mbele ya mji kabisa, boti dakika chache tu, kimepewa jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi hapo analima na kuvua, mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama na 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Pazuri, pimbi wamejaa, ila Jumapili kuna spika za watu wa sherehe, nenda Jumamosi. Na daraja jipya la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilometa tatu juu ya maji, nilivuka na kurudi bila kazi yoyote ilimradi nivuke. Zamani ulikuwa unapanga foleni ya kivuko hadi unakata tamaa, sa hivi dakika chache. Nilifurahi, ila nikawawaza wale waliokuwa wanauza mahindi na samaki wa kukaanga kwenye foleni, foleni yetu ndo ilikuwa duka lao.

Bujora lazima nikae nayo kidogo. Unapanda gari la Kisesa, barabara ya Musoma, halafu boda hadi kilimani. Ni makumbusho ya Wasukuma, aliyeyaanzisha ni padri wa Kanada, David Clement, wenyewe walimbatiza Fumbuka, alifika miaka ya 1950. Kanisa lake ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na kuna jengo wamelijenga kwa umbo la kiti cha enzi cha ntemi. Ntemi ndo mtawala wao, neno linatokana na kutema, yaani kukata, kuna wanaosema ni kukata mashauri na kuna wanaosema ni kukata msitu watu wakae, wazee wawili walibishania hilo mbele yangu mpaka nikaondoka wanaendelea. Ngoma za watemi zimehifadhiwa hapo, nyingine kubwa kuniliko.

Lakini utamu ni Bagika na Bagalu. Hao ni Simba na Yanga wa Usukumani, sitanii. Makundi mawili ya ngoma yaliyotokana na waganga wawili wa zamani waliokuwa wanabishana nani ana dawa kali, Ngika na Gumha, na mpaka leo mtu anazaliwa upande. Wanacheza siku moja uwanja mmoja na muda mmoja, huku hawa na duara lao huku wale na lao, na anayevuta watu wengi ndo kashinda. Hakuna refa, hakuna VAR, miguu ya watazamaji ndo kura. Kwa hiyo kila mmoja analeta vituko, huyu anacheza na chatu shingoni, wale wa bugobogobo wanarusha majembe juu wanayadaka kwa mdundo, hiyo ngoma imetoka shambani kwenye kulima pamoja. Nilijikuta nakimbia kutoka duara hili kwenda lile, nikarudi, nikaenda tena, baba mmoja akanishika mkono akasema kwa ukali kabisa, binti chagua. Sikukuu yenyewe inaitwa Bulabo, inafuata sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mara nyingi inaangukia Juni.

Sasa lile jambo.

Njia ya kwenda Bujora inapita Igoma. Nimepita hapo mara tano au sita, konda anaita "Igoma Igoma", mimi niko dirishani nawaza chatu. Mara ya mwisho kuna bibi alikuwa amekaa pembeni yangu na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamuuliza swali langu lile lile la kijinga, akanijibu, akaongeza, "na pale ndo makaburi ya MV Bukoba". Shoga moyo ulipiga. Nikakumbuka sebuleni kwenu, ile picha ya mjomba wako amevaa suti ya kaunda, na Mama kila Mei anavyokuwa kimya mnadhani anaumwa, na ile siku uliyoniambia "sisi hatuna hata kaburi la kwenda".

Nikashuka na bibi. Tarehe 21 Mei 1996 alikuwa mwanamke wa makamo anauza hapo hapo. Meli imetoka Bukoba usiku, imepitia Kemondo ikabeba wengine, ikapinduka asubuhi imeshaikaribia Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Hayo unayajua kuliko mimi. Alichoniambia yeye ni kwamba wengi hawakutambulika wala hawakuchukuliwa, na watu wa hapa walikuja kuzika. "Tulizika watu tusiowajua," akasema, "lakini tuliwalilia kama wetu." Halafu akanipa michembe akakataa hela.

Sikuanza kutafuta jina la mjomba, niliona hiyo siyo kazi yangu. Nilisimama, nikasali, nikang'oa majani machache yaliyoota pembeni nikaona hata hilo najitia. Sijui kama yupo hapo au yupo ziwani, na wewe hujui, na Mama hajui. Ila shoga mahali pa kwenda papo, hilo tu ndo nilitaka nikwambie, na nilishindwa kulisema kwa voisi kwa sababu ningelia na ungelia na Mama angeuliza kuna nini.

Usimwambie kwanza. Au mwambie, wewe ndo unamjua. Kama atakubali njooni wote wawili, chumba kipo, mimi nitalala na godoro sebuleni. Mfike Ijumaa, Jumamosi twende Igoma mapema kabla jua halijawa kali, yule bibi anakaa kituoni karibu kila siku na nimemwambia nitarudi na watu. Bujora na mwaloni vitasubiri Jumapili, kama Mama ataweza. Mletee khanga yule bibi, usinunue za maua makubwa hazipendi, niliona alivyovaa. Na vaa raba, shosti, siyo vile viatu vyako.

Wako,
wa Buzuruga