Barua kwa mwanangu aliyepewa fimbo ya darasa

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo. Bibi yako miguu inamsumbua kama kawaida, lakini mdomo mzima na anakusalimu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza dukani katikati ya wateja, nikaurudia usiku nyumba ilipotulia. Unasema mwalimu amekukabidhi fimbo na kigogo chake cha kugongea mapigo uwafundishe watoto wanaoanza, na kwamba jina lako halimo kwenye orodha ya watakaopanda jukwaani msimu wa maonyesho wa Desemba. Ukamaliza kwa kulia: umekwenda Chennai, India, kucheza, hukwenda kulea watoto wa watu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu utanikatiza, nakujua.

Mimi si mchezaji, na bharatanatyamu, hiyo ngoma ya India kusini unayojifunza, nimeijua ukubwani kwa ajili yako. Lakini nilipomleta mama yako mdogo kutibiwa huko, siku ambazo hakuwa na vipimo nilikuwa nakufuata darasani, nakaa ukutani kimya. Wewe ulikuwa unajitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa namtazama mwalimu wako. Amekaa chini, miguu ameikunja, kigogo mbele yake, fimbo fupi mkononi, anagonga na mdomo unataja: tei-ya-tei, tei-ya-tei. Watoto wameshuka nusu, magoti yametazama nje, mikono kiunoni, nyayo zinapiga sakafu. Wanaanza polepole, kisha miguu inakwenda maradufu, kisha maradufu tena, na muda wote huo fimbo haikimbii hata kidogo. Kulikuwa na mtoto safu ya nyuma aliyekuwa akiwahi kwa mguu wa kushoto, kitambo kidogo tu, mimi hata nisingegundua kama mama yake asingeguna pembeni yangu. Mwalimu alimsikia katikati ya kishindo cha darasa zima. Hakuacha kugonga. Alimwelekezea kidole, mtoto akajirekebisha, wakaendelea.

Sasa fimbo hiyo ndiyo amekupa wewe, na wewe unalia.

Huko ulipo wanaowaongoza wachezaji wana jina lao na heshima yao, ni manatuvanari. Siku ya onyesho wanakaa pembeni ya jukwaa na matuazi mkononi, wanataja mapigo, na mpiga ngoma ya mridangamu, mwimbaji na mchezaji mwenyewe wote wanawasikiliza wao. Mpangilio unaoufuata, kuanzia mchezo wa kufungulia, alaripu, hadi ule wa kufungia, tilana, na ile varnamu ndefu ya katikati inayokumaliza pumzi, ni kazi ya ndugu wanne wa mji wa Thanjavur: Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, waliokuwa kwenye kasri la wafalme wa huko mwanzoni mwa karne ya 19. Karibu miaka 200 baadaye bado mnacheza kwa utaratibu wao. Wachezaji waliopigiwa makofi siku hizo kasrini, wengi wao hata kwa majina hatuwajui.

Nikueleze na habari ya Gowri Ammal wa Mylapore, mtaa wa huko Chennai, maana nilipoisoma nilikaa nikaifikiria siku nzima. Alikuwa devadasi, mwanamke aliyewekwa wakfu kwa hekalu, na hekalu lake ni lile la Kapaleeswarar unalopita ukienda sokoni. Wanawake wa namna yake ndio waliobeba ngoma hii vizazi na vizazi. Ilipofika miaka ya 1920 na 1930 watu wenye elimu zao, wakiongozwa na daktari Muthulakshmi Reddy, walipigania desturi ile ikomeshwe, kwa hoja kwamba wasichana wananyanyaswa kwa jina la dini. Sheria ikapita Madras, kama Chennai ilivyoitwa zamani, mwaka 1947. Sitasema madai yao yalikuwa ya uongo. Ila aliyepoteza riziki, nyumba na heshima alikuwa yule yule mwanamke, na ngoma ikabaki, ikavalishwa jina jipya, ikahamia kwa mabinti wa matabaka ya juu.

Na hao mabinti nani aliwafundisha? Rukmini Devi Arundale alikuwa Mbrahmini, wa tabaka hilo la juu, mke wa Mwingereza, na alikuwa na kama miaka thelathini alipoanza kujifunza, umri ambao wewe ungeuita uzee. Alianzia kwa Gowri Ammal, akaendelea kwa Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, mzee wa ukoo wa wale ndugu wa Thanjavur. Akacheza mbele ya watu pale Adyar, Chennai, Desemba 1935, na watu wa tabaka lake walishangaa kumwona mtoto wa heshima akicheza jukwaani. Mwaka uliofuata akafungua shule, ndiyo Kalakshetra. Upande wa pili alikuwepo Balasaraswati, aliyezaliwa 1918 katika ukoo wa hao hao wanawake wa muziki na ngoma, mjukuu wa mwanamuziki Veena Dhanammal. Alicheza hekaluni Kanchipuram mwaka 1925 akiwa na miaka saba. Mafunzo ya miguu yalikuwa ya Kandappa Pillai, mwalimu mkali asiyecheka, lakini ile sanaa ya uso na mikono, ya kumfanya mtu aliyekaa mbali aone mpenzi amechelewa na usiku umekwisha, alichota pia kwa Gowri Ammal.

Wanawake hawa wawili hawakuelewana kamwe juu ya ngoma hii. Rukmini Devi alitaka mapenzi ya mwili yapunguzwe, ibada izidi. Balasaraswati alishikilia kwamba mapenzi ndiyo kiini chake, na kwamba anayeyaona machafu uchafu ni wake. (Mimi niko upande wa Balasaraswati, na bibi yako aliyeimba taarab ujana wake angekuwa hapo hapo.) Ukienda huko leo utakuta watu bado wanagawanyika kwa ugomvi wao. Gowri Ammal aliyewafundisha wote wawili, nje ya Chennai ni wachache wanaomtaja.

Usinielewe vibaya. Sikuambii ukubali kusahaulika. Nakuambia uangalie nani alikuwa na nini mkononi. Na hata hao wenye majina makubwa, tazama kazi waliyoifanya. Rukmini Devi dunia inamjua kwa shule kuliko kwa onyesho lake lolote. Balasaraswati alipopata sifa Tokyo, Edinburgh na Marekani, hakuishia kwenye makofi, alikaa akafundisha Chuo Kikuu cha Wesleyan kule Connecticut, na ndugu zake, Ranganathan wa mridangamu na Viswanathan wa filimbi, walifundisha chuo hicho hicho. Birju Maharaj wa kathaki, ngoma ya India kaskazini, alifiwa na baba yake, aliyekuwa pia mwalimu wake, akiwa mtoto wa miaka tisa, na alipofika kumi na tatu alikuwa tayari anafundisha Delhi. Alifundisha hadi uzeeni, akafariki Januari 2022. Kelucharan Mohapatra, mwalimu wa ngoma ya jimbo la Odisha, mtoto wa kijiji cha wachoraji cha Raghurajpur, alipigia ngoma wanafunzi wake mwenyewe. Mwanafunzi wake Sanjukta Panigrahi anacheza katikati, mumewe anaimba, na mwalimu amekaa pembeni na ngoma ya pakawaji mapajani. Nenda ukatafute picha zao utazame uso wa mzee yule. Hana uso wa mtu aliyeshushwa cheo.

Kwetu mwali ndiye anayeimbiwa na kutunzwa, kungwi haimbiwi, lakini jaribu kumtoa mwali bila kungwi uone.

Basi ukikubali, na nadhani utakubali ukishamaliza kununa, nina ya kukwambia kama mama.

Fimbo ile ni ya kigogo. Haina safari nyingine. Najua zipo hadithi nyingi zinazosimuliwa kwa kicheko, za walimu waliotupa fimbo ikampata mwanafunzi kifundoni, na wanafunzi wakaja kuwa nyota. Waliokimbia na wasirudi hawaalikwi kusimulia. Magoti ya watoto yaangalie: mtoto asiyeweza kuyafungua kutoka nyongani atayapinda kwa nguvu ili akufurahishe, na atayalipia akiwa na miaka 30. Kama sakafu ni saruji tupu, mwambie mwalimu. Usiwaharakishe kuvaa njuga pia. Watakuomba kila siku, na mama zao watakuomba zaidi.

Halafu hili la utii. Wanafunzi wanaigusa ardhi, wanaigusa miguu ya mwalimu, na mimi nimelelewa kuheshimu mwalimu kwa hiyo halinisumbui. Lakini mwaka 2023 wanafunzi wa Kalakshetra yenyewe waliandamana wakilalamikia unyanyasaji wa kingono, na hawakusikilizwa upesi. Ukimrekebisha mtoto bega au kiuno, mwombe kwanza. Mtoto akikwambia jambo juu ya mtu mzima yeyote, hata awe nani pale, msikilize siku hiyo hiyo. Na wewe ukiwa na la kusema usinifiche kwa kuogopa nitakurudisha nyumbani.

Ipo pia biashara ya arangetramu. Zamani siku ya kupanda jukwaani mara ya kwanza ilikuwa ya mwalimu kusema huyu sasa yuko tayari. Siku hizi, hasa kwa Wahindi waliohamia Marekani na Uingereza, imekuwa harusi isiyo na bwana harusi: ukumbi, wapigaji wa kukodi, hariri ya Kanchipuram seti kadhaa, kadi, chakula cha mamia ya watu. Mtoto akimaliza anavua njuga, anaenda chuo kikuu, hachezi tena. Siwalaumu wazazi, nimeona yanayofanyika hapa Tanga kwenye harusi zetu na sina la kuwacheka. Ila usiwe mwalimu anayemsukuma mtoto jukwaani kwa sababu baba yake ana uwezo, wala anayemzuia kwa sababu hana.

Na wakishakuzoea uwaambie habari za akina Gowri Ammal. Watoto wanaambiwa ngoma hii ilitoka kwa miungu na maandiko ya kale, hadithi inaruka pale katikati kana kwamba hakuna mwanamke aliyeibeba mwilini miaka yote hiyo. Kwa wadogo huna haja ya kueleza mambo ya sheria na aibu. Majina yanatosha kwa kuanzia.

Kuhusu Desemba, naelewa inauma. Kuvaa ukapita mbele ya wenzako walio kwenye orodha si kazi ndogo. Nenda hivyo hivyo. Nenda kwenye maonyesho mengi uwezayo, na safari hii usimkodolee macho mchezaji, kaa upande wa mwenye matuazi umtazame anavyofanya mchezaji anapopoteza pigo. Hilo darasani hufundishwi. Orodha ya mwaka kesho itakuja na mwaka wake, na mwalimu hajakwambia kwamba hutacheza tena, hilo umejiongezea mwenyewe.

Mama yako mdogo ana miadi ya kurudi kuonwa na daktari mwezi wa tatu, na nitamsindikiza. Khanga za mwalimu wako nimeshanunua, doti mbili, jina zuri, usimwambie. Pesa ya kodi nimetuma juzi kwa yule kijana wa duka la fedha, ikichelewa zaidi ya Ijumaa nipigie. Niandikie pia watoto wenyewe wako wangapi na wanaanza saa ngapi, nataka kujua kama tutaweza kutoka hospitali tukawahi.

Mama yako,
Tanga