Shangazi, mamake mchumba wangu alikata bajeti yangu ya harusi na biro nyekundu, naye mchumba akacheka

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku, sijafumba jicho, na saa kumi na moja na nusu nafaa kuwa steji. Majirani wanateka maji, maana huku kwetu hufunguliwa usiku, nasikia mitungi ikiburutwa kwa ngazi, na mimi nimekaa jikoni na kile kitabu cha bajeti. Hicho kitabu ndicho shida. Ama labda si kitabu, ni kile kicheko, sijui, soma tu uniambie.

Hiyo bajeti niliiandika wiki tatu nzima. Si ati nilitoa kichwani, nilitembea. Nilienda Ngong kuangalia viwanja viwili, nikaenda City Market kuuliza bei ya maua, nikazunguka Biashara Street na vitambaa mkononi hadi miguu ikafura, nikapigia watu watatu wa hema na viti mpaka mmoja akaniuliza kama na mimi niko kwa hiyo biashara. Watu 150. Sahani 900, hiyo ni 135,000. Hema, viti na meza 60,000. Uwanja 50,000, na hiyo ni juu nilisema Februari, Desemba kila mtu anapandisha. Nikaweka picha, keki, nguo za wasimamizi, suti yake, mpaka pesa ya kanisa. Jumla 517,000, na hapo asilimia 10 ya dharura iko ndani, maana harusi haikosi dharura, jenereta, mvua, mjomba ambaye hakuwa kwa orodha na amekuja na watoto wanne.

Sisi kwa akaunti tuna 310,000. Tumeweka miaka miwili, na katikati hapo ntheo, ile sherehe ya Wakamba ya kuleta mbuzi za mahari, imefanyika kwetu na mbuzi hawakuokotwa barabarani. Kamati imeahidi 180,000 lakini wewe unazijua ahadi za grupu la WhatsApp. Kila mtu ameandika jina lake na 5,000 ama 10,000 na vile vimaua, sasa hesabu walio na tiki, ni 41,500. Wawili wameleft bila kusema kitu, na mmoja wao ndiye alikuwa anapiga kelele ati tusiogope, Mungu atatoa.

Sasa Jumapili tukaenda kwao kumwonyesha mamake. Nilijua atataka kuongeza kidogo, nilikuwa nimejipanga, hata nilikuwa na viti 30 vya siri kichwani vya kumpatia nionekane nimekubali. Alivaa miwani akasoma ukurasa wa kwanza kimya. Halafu akatoa biro nyekundu, huyu mama amefundisha miaka mingi na hiyo biro haitokangi kwa mkoba, akakata ile 150 yangu, akaandika 400 kando, akaizungushia duara kabisa kama ananisahihishia insha. Akasema, "Mwanangu, hii ni ya harusi ama ya matanga? Na hata matanga ya baba yao hatukulisha watu wachache hivi."

Na yeye mchumba wangu akacheka, shangazi.

Si kicheko kikubwa, ni kile cha puani, halafu akaangalia simu. Kwa hiyo hesabu mimi nilikuwa nimeamka naye saa nane usiku siku ngapi, yeye ndiye alikuwa anaweka mstari na rula. Anajua kila shilingi ilitoka wapi. Kwa gari nilimuuliza akaniambia, "Sasa ulitaka nilie?" Tangu hiyo siku ni hiyo sentensi tu naisikia.

Hebu nipigie hesabu. Watu 400 mara 900 ni 360,000. Chakula peke yake kinamaliza pesa yote tuliyo nayo na bado kinadai 50,000, na hapo hakuna hata kijiko cha kukodisha, hakuna hema, hakuna basi la kutoa wazee Kakamega na kuwalaza mahali. Nilimwambia mamake hivyo hivyo, kwa heshima, akasema watu ndio baraka na pesa hutafutwa. Sawa, itatafutwa na nani? Hao wazee 250 hawako kwa grupu.

Na nisionekane mchoyo. Mimi nimekulia kwa harusi za kijiji, najua mtu akikosa sahani inasemwa miaka 20. Hata mimi shangazi zangu wa Machakos nawataka wote waje wanione, wale waliokuwa wanasema nitazeekea kwa ofisi za watu. Lakini kuna tofauti kati ya kuwalisha watu na kukopa kuwalisha.

Kuna siku nimemwambia twende tu Sheria House kwa msajili wa ndoa, tutoe notisi, tungoje zile siku 21, twende na mashahidi wawili tumalize, tule kuku sisi watu kumi. Pesa tuweke kwa ploti. Akasema mamake atakufa. Na kusema ukweli alipokataa nilifurahi kidogo, usiniulize kwa nini. Sawa, ni gauni. Kwa kitabu nimeandika gauni la kukodi 30,000, lakini kuna moja nililijaribu mjini, likanikaa vile hata yule dada wa duka alinyamaza, ni 70,000, nimelipa dipoziti 20,000. Hiyo haiko kwa bajeti. Si wizi, ni pesa yangu ya ovataimu, na mtu anaolewa mara moja. Lakini ndiyo, haiko kwa bajeti.

Na kitu kingine, juu nimeanza kusema wacha nimalize. Ile pengo ya 165,500 ilikuwa inaninyima usingizi hata kabla ya hii ya Jumapili, kwa hivyo mwezi uliopita nilijaza fomu ya sacco ya laki mbili, na mmoja wa wadhamini wangu ni shemeji, kaka yake mkubwa, na nilimwambia ni ya karo ya mdogo wangu. Imepita. Itaingia wiki hii. Sijui kama nianze kumwambia yeye ama kaka yake ama nikae tu, juu nikisema sasa, baada ya kelele yote nimepiga kwamba hatutaingia harusi na deni, si ndio watacheka vizuri sasa?

Lakini bado hakufaa kucheka. Hata kama mimi niko na makosa yangu, hakuwa anajua hayo makosa, alicheka ile kazi. Angesema tu, "Mama, tulikaa chini tukapanga." Maneno manne. Hata angenyamaza, mimi kunyamaza ningekubali.

Sasa kamati inakutana Jumapili hii saa nane na mweka hazina anataka namba moja ya kuandika kwa barua za michango. 150 ama 400. Mamake amesema anakuja, ameshauliza kikao kiko wapi. Rafiki yangu ananiambia niseme 250 kila mtu aende nyumbani, lakini hizo 250 zinatoka kwa pesa gani, na nikikubali hapo si nimekubali na ile biro?

Nijibu kabla ya Jumapili tafadhali. Jina langu usiandike, na ukiweza hiyo maneno ya biro nyekundu uitoe, juu mamake husoma hii safu yako kila wiki na atajua ni mimi.

Mimi ambaye sijalala,
Umoja