Rekodi za kisukari zisiishie kwenye daftari la mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila mwezi nampeleka mama kliniki ya kisukari. Rekodi zake zote zimo kwenye daftari la shule, jalada lake limelowa mvua ya masika. Mwezi uliopita tulilisahau nyumbani. Daktari akauliza, "Mara ya mwisho macho yalipimwa lini?" Mama akanitazama mimi, mimi nikamtazama nesi. Mama akatobolewa kidole, dozi ikabaki ileile, tukaondoka.

Kipimo cha kidoleni kinaeleza sukari ya saa ile tu. HbA1c, kipimo kingine cha damu, ndiyo inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na utamu wake ni kulinganisha majibu ya leo na ya nyuma. Utalinganishaje na karatasi iliyopotea?

Wala hatuombi miujiza. Kliniki za CTC zinazohudumia wenye VVU zina kanzidata ya wagonjwa kwa miaka mingi sasa. Asiyetokea hujulikana na hutafutwa. Wa kisukari akipotea, nani anajua? Wengine tunawaona wakirudi na kidonda cha mguu.

Kompyuta zipo, ila kwetu naziona zaidi kwenye dirisha la malipo. Ziingizwe basi na orodha ya wagonjwa wa kisukari, nesi aone asubuhi kabla ya foleni nani hajakaguliwa miguu na macho mwaka huu. Umeme ukikatika, daftari la mama lipo. Nimeshalifunga kwenye nailoni.

Msomaji wako,
Tanga