Nyanzala, hiyo chai iweke chini

Nyegezi, Mwanza

Nyanzala shoga yangu,

Habari za Dodoma? Huku hatujambo, Mama Kulwa anakusalimu sana, sato wamepanda bei. Nisizunguke. Doto kaniambia unakunywa chai ya kupunguza mwili, usiku huli, na juzi umeona kizunguzungu kwenye ngazi za bweni. Tangu jana sina raha.

Sikia yaliyonipata mimi. Mwaka wa kwanza tuliingia chuo nina kilo 61. Mwaka wa pili ulipoisha nikapanda mzani wa duka la dawa hapa kona: 72. Kwa urefu wangu wa mita 1.60 hiyo ni BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) 28, na kuanzia 25 uzito unahesabiwa umezidi. Nilijua zilikotoka. Bodaboda kutoka geto hadi darasani, safari ya robo saa kwa miguu, halafu chipsi mayai saa nne usiku na soda ya kuteremshia.

Nikaanza kukimbia na Shija alfajiri, tunateremka hadi Luchelele, tunakuta wavuvi wanaanua nyavu. Mwezi mzima! Kwenye mzani, nusu kilo. Nililia pale pale dukani, yule dada akanipa kiti.

Kumbe hesabu ilikuwa wazi. Nusu saa ya kutembea kwa haraka inachoma kalori kama 150, na chupa moja ya soda inazirudisha karibu zote. Mazoezi peke yake hupunguza kilo polepole mno. Nikaacha soda, jioni nakula saa moja, ugali kidogo na mchemsho wa sato au dagaa na mchicha. Mwezi wa nne sasa, niko 67.

Ila hizo kilo tano siyo zinazonifurahisha zaidi. Unakikumbuka kile kilima cha mawe nyuma ya geto? Nilikuwa napumzika mara tatu, mkono kwenye jiwe, moyo unagonga masikioni. Sasa nakipanda huku napiga stori na Shija. Hata mwezi ule mzani ulipogoma, moyo ulikuwa unapata nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho zinatosha kuanzia. Ni nusu saa, siku tano!

Narudi kwenye chai. Nyingi za aina hiyo zina sanamaki, zinaharisha. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako pale pale, ndiyo maana ukinywa maji kilo zinarudi. Na kizunguzungu hicho, Nyanzala, ndicho kinachoninyima usingizi. Tafadhali, iache leo.

Kwenye pakiti wameandika nini? Unakunywa mara ngapi kwa siku? Umepima presha? Jana usiku ulikula? Nani alikuambia umenenepa, ni yule yule? Na Desemba ukija, utabeba raba twende Luchelele wote watatu?

Wako,
Vero