RX-7 kupiga mizinga sio lazima injini imekufa

Mhariri, naomba kanafasi. Wenye Mazda RX-7 za zamani zenye injini ya 12A ya kabureta (ni ya rotari, ina rota zinazozunguka badala ya pistoni) wanaambiwa gari ikipiga mizinga kwenye egzosi ukiachia pedeli ya mafuta basi injini kwisha, jamani hapana. Ukiachia mafuta kuna petroli inatoka haijaungua, inaingia kwenye egzosi la moto sana na ikikuta hewa humo, paa! Sasa hizi gari zilitoka na pampu ya hewa inayosukuma hewa kwenye egzosi, kuna valvu yake inatakiwa igeuze hiyo hewa ukiachia mafuta, ikiganda au kampira ka vakyumu (kanakovuta hewa kuendesha hiyo valvu) kakipasuka ndo mizinga inaanza. Kwahiyo anza na mipira, alafu gasketi ya manifoldi (pale egzosi inapoungana na injini), angalia masizi meusi pale kwenye maungio. Plagi pia, kila rota ina mbili, ile ya chini ikiwa dhaifu mafuta mengi yanapita bila kuungua. Kuna mafundi wanataka kufungua kichwa cha injini waone valvu za egzosi, rotari haina hizo valvu wala hicho kichwa! Na kompresheni (mgandamizo ndani ya injini) pimeni kwa mashine ya rotari, rota ina nyuso tatu, geji ya kawaida inabakiza namba kubwa tu ya hizo tatu, uso dhaifu hauonekani.

Msomaji, Mombasa