Shahidi Asiyeficha Aibu Yake

Manchester, Uingereza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini barua hii itawakuta nyote salama. Nimesoma mara mbili pale uliposema kwamba mdogo wangu amerudi likizo akidai kuwa habari za ufufuo wa Yesu zilitungwa na watu waliojitafutia ukubwa.

Jumamosi nilikwenda katika maktaba ya John Rylands hapa mjini, kutazama kipande cha mafunjo kilichonunuliwa Misri mwaka 1920, kidogo kuliko kiganja, chenye maneno machache ya Yohana 18, ambacho wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2. Katika mstari mmoja zimesalia herufi za mwanzo za neno la Kigiriki la kushuhudia, ambalo baadaye lilikuja kumtaja pia aliyeuawa kwa imani yake, kama sisi tunavyomwita shahidi yule wa barazani na yule wa Namugongo. Hata hivyo, ukongwe wa maandishi hauthibitishi habari yenyewe, kwa maana uongo nao hunakiliwa.

Kilichonishawishi ni kile ulichokuwa ukikitafuta wewe ulipokuwa mjumbe wa baraza la kata: je, shahidi anataja na yale yanayomwaibisha? Injili zote nne zinasema kwamba wanawake ndio waliotangulia kaburini, ilhali Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, aliandika kwamba ushahidi wa wanawake usipokelewe. Na Luka anakiri kuwa mitume wenyewe waliyaona maneno ya wanawake hao kuwa upuuzi. Petro, kiongozi wao, anaonekana akimkana Bwana wake mbele ya kijakazi. Mtu anayejitafutia ukubwa hajisimulii hivyo.

Paulo naye aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, miaka kama 25 tu baada ya msalaba, kwamba Yesu aliwatokea watu zaidi ya 500, wengi wao wakiwa hai bado. Ni kama kusimulia kuzama kwa MV Bukoba mbele ya watu wa Mwanza: ukitia chumvi, utasahihishwa papo hapo. Mdogo wangu atasema Korintho ni mbali na Yerusalemu, na ni kweli, lakini barua hiyohiyo inaonyesha kuwa Petro alijulikana huko hata watu wakagawanyika kwa jina lake.

Zaidi ya wote namfikiria Yakobo, nduguye Yesu. Yohana anasema ndugu zake Yesu hawakumwamini, na hilo halinishangazi, kwani mtu uliyekula naye sahani moja ndiye mgumu kuliko wote kukusadiki. Paulo anasema Yesu alimtokea Yakobo, na Josephus anaeleza jinsi alivyouawa kwa mawe Yerusalemu mwaka 62. Najua watu hufa hata kwa ajili ya makosa. Lakini huyu alikuwa na nafasi ya kujua.

Tafadhali Baba, usimkemee mdogo wangu. Mwulize ni kitu gani kilichombadilisha Yakobo, kisha mwache ajibu bila kumkatiza, nawe uniandikie alichosema.

Mwanao