Barua kwa wajukuu zangu wa kidato cha sita: vyeti kwanza, keki baadaye

Wajukuu zangu mlio kidato cha sita, wa mtaa wetu hapa Morogoro na wa kwingineko,

Nawaandikia nikiwa bado na uchungu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa sasa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa hiyo fomu za kuomba mkopo wa elimu ya juu hupita mezani kwangu kabla ya kwenda Bodi ya Mikopo. Nasaini, nagonga muhuri, nathibitisha kwamba mwombaji namfahamu na wazazi wake nawafahamu. Na kila mwaka, wiki ya mwisho kabla dirisha halijafungwa, barazani kwangu hujaa vijana wanaohema. Huyu hana cheti cha kuzaliwa. Yule anacho, lakini jina lililomo silo lililoko kwenye cheti cha kidato cha nne. Mwingine kila kitu alimwachia kijana wa steshenari, na sasa nywila ya akaunti yake haijui.

Hawa ni watoto waliofaulu. Si wavivu. Wamekesha na vitabu miaka miwili, halafu wanakwama kwa karatasi ambayo ingepatikana kwa kwenda wilayani mara mbili au tatu wakati wa likizo. Mwaka huu nimeona ninyamaze vipi tena? Wenzenu wengine wameshafungua chuo, na wengine walio na alama nzuri kuwazidi wako nyumbani wanauza vocha. Nyinyi mko likizo ya Desemba. Bado mna nafasi, ndiyo maana naandika leo.

Hebu tazameni ratiba ilivyokaa. Januari mnarudi shule, na kuanzia hapo ni mock, ni mazoezi, ni usiku na mchana. Mei mtihani wa taifa. Mkimaliza, wengi wenu mtaitwa JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Kambini hutakaa na simu kama utakavyo, wala hutaomba ruhusa ukafuatilie cheti. Matokeo kwa kawaida hutoka Julai, na hapohapo udahili wa vyuo unaanza kukimbia sambamba na maombi ya mkopo. Sasa niambieni, katika mbio hizo, ni lini utapata wiki mbili za kukaa kwenye foleni ya ofisi ya wilaya? Hakuna. Wiki hizo ni hizi za sasa.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Bodi haikubali cheti hivihivi. Kinatakiwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa waliozaliwa Zanzibar uhakiki una mamlaka yake huko. Siku hizi watoto wachanga husajiliwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, mama anaondoka na cheti. Nyinyi wengi mlizaliwa kabla huduma hiyo haijafika mikoani kwenu. Mlipewa tangazo la kizazi, likawekwa chini ya godoro, godoro likahama nyumba tatu. Kama hali yako ni hiyo, msajili wa wilaya yuko kwenye ofisi za wilaya, kwa Katibu Tawala. Nenda na mzazi. Beba kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha ubatizo kama ipo desturi hiyo kwenu, cheti cha kumaliza darasa la saba, chochote kinachoonyesha ulizaliwa wapi na lini na na nani. Usajili uliochelewa una maswali mengi kuliko wa mtoto mchanga, na majibu yake huchukua siku.

Halafu kaeni na majina yenu. Hapa nawaomba sana mnisikilize. Chukua cheti cha kuzaliwa, chukua cheti cha kidato cha nne, viweke juu ya meza kimoja kando ya kingine, usome herufi kwa herufi. Nimeona cheti kimeandika Mohamed, cha shule kimeandika Muhammad. Nimeona binti ambaye hospitalini aliandikwa kwa jina la babu, shule ya msingi wakamwandika kwa jina la ukoo, na hakuna mtu aliyejali mpaka mfumo wa kompyuta ulipomkataa. Mwalimu aliyeandikisha darasa la kwanza alikuwa na watoto mia mbele yake, aliandika alichosikia. Wewe ndiye utakayebeba alichosikia maisha yako yote. Zikitofautiana, marekebisho yapo: cheti cha kuzaliwa kinaweza kusahihishwa, au hati ya kiapo itengenezwe kwa wakili na kusajiliwa pale inapotakiwa. Lakini hayo yana ada na yana muda, na wakili wa siku ya mwisho hutoza bei ya siku ya mwisho.

Sasa nije kwa mayatima, na hapa moyo wangu unauma.

Mwaka huu alikuja binti mmoja saa kumi jioni, dirisha linafungwa usiku ule. Baba yake nilimzika mimi na jirani zangu, makaburini nilikuwepo. Sheria ya mikopo inamtazama yatima kwa jicho la pekee, na ndivyo inavyopaswa. Lakini Bodi haijui habari za mtaani. Inajua kilichopachikwa kwenye mfumo, na kilichotakiwa kupachikwa ni cheti cha kifo cha baba, nacho kimehakikiwa. Cheti kilikuwepo. Kilikuwa kwa baba yake mdogo, amekifungia kabatini kwa sababu ya shauri la mirathi, maana anagombea nyumba na mjane. Nilimpigia simu mbele ya binti. Akaniambia, "Mwenyekiti, hayo ni mambo ya ukoo." Binti akaomba mkopo bila cheti, kama mtu mwenye baba. Alichopangiwa hakikufika hata nusu ya mahitaji yake, na mama yake ameuza cherehani aliyokuwa akiwalishia. Novemba ndugu walipopatana, cheti kikatolewa kabatini. Safi, kimetiwa nailoni, hakina hata kunjo.

Nawaambia nyinyi mnaoitwa baba wadogo, wajomba na mashangazi: cheti cha kifo cha marehemu ni haki ya mtoto wake. Gombaneni viwanja, gombaneni nyumba, lakini mpeni mtoto nakala. Ukimnyima yatima karatasi hiyo umemnyima baba kwa mara ya pili. Na kuna familia ambazo hazijawahi kuomba kabisa hicho cheti. Zina kibali cha mazishi tu, zikadhani yamekwisha. Hayajakwisha. Nendeni mkasajili kifo, hata kama ni cha miaka kumi nyuma.

Na wazazi mlio hai, sitawaruka. Kuanzia Februari nitaanza kupokea kadi za mahafali. Nitaona mashada ya maua ya plastiki, keki ya ghorofa, suti ya kukodi, mpiga picha na ndege yake ya angani, gari la muziki linaloamsha mtaa mzima. Nimehudhuria mahafali ambayo mchango wake ungelipia vyeti vya watoto wote wa mtaa huu. Mtoto anapongezwa kwa mtihani ambao hajaufanya! Na mzazi yuleyule aliyekata keki ndiye anayenijia Agosti kuniambia hana elfu thelathini ya ada ya maombi ya mkopo. Sikatazi furaha. Sisi Waswahili tunapenda shughuli, na mtoto akifika kidato cha sita ni jambo la kushukuru. Lakini tumekuwa jamii inayochangia sherehe kwa kupigiana simu usiku kucha, na ikifika habari ya kumpeleka mtoto chuo kila mtu simu yake haipatikani. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kamati ya kumsomesha yatima wa mtaa sijaiona.

Nirudi kwenu, wajukuu. Mambo mengine nitayataja kwa ufupi.

Maombi yako jaza mwenyewe. Mwenye steshenari mwache akuchapie na kukuskania, hiyo ndiyo kazi yake. Barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako na isajiliwe kwa mtu unayemwamini, nywila iandike daftarini. Nimeshuhudia kijana ambaye ujumbe wa chuo ulikwenda kwenye simu ya mtu wa steshenari aliyekwisha hama mji.

Tangu mwaka 2017 maombi ya chuo kikuu hupelekwa chuoni moja kwa moja, hakuna tena mtu wa kukupangia. Ukidahiliwa vyuo viwili au vitatu, ni lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa, ndani ya muda. Usipothibitisha, nafasi inakupita.

Mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, upakue sasa, hata huu wa mwaka uliopita, uusome. Humo kuna kila kozi, kila chuo, na sifa zinazotakiwa. Wengi wenu hamjawahi kuufungua. Mnachagua kozi kwa kusikia. Kwa kozi nyingi za shahada, kiwango cha chini ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, pale ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinafikisha, C na E zinafikisha, lakini S, ule ufaulu mdogo ulio chini ya E, haihesabiki humo. Udaktari, uhandisi na nyinginezo zina masharti yao juu ya hayo. Na kuna kozi zinazoangalia hadi hesabu yako ya kidato cha nne. Ni vizuri ukalijua hilo Desemba kuliko kulijua Agosti.

Kabla ya kwenda JKT, toa nakala za kila kitu, mwachie mtu mmoja nyumbani anayejua kusoma ujumbe na kukupa taarifa. Mtu mmoja, si ukoo mzima.

Kuhusu mkopo wenyewe, usiusikilize kwa jina la boom, kama wanachuo wanavyoiita fedha yake ya kujikimu, ukadhani ni zawadi. Ni deni. Ukiajiriwa, sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wako kila mwezi mpaka liishe. Haifai kuliogopa, maana bila deni hilo nusu ya vijana niliowafundisha wasingevuka lango la chuo. Ila fedha ya chakula na malazi ikiingia, ni ya chakula na malazi. Simu ya bei ya pikipiki itakulaza njaa wiki ya mitihani.

Na wewe ambaye alama hazitatosha, njoo nikuambie jambo bila kukuficha. Nimefundisha watu waliopata daraja la nne wakaenda vyuo vya kati, wakasoma uuguzi, maabara, umeme, kilimo, na leo wana kazi na wengine wameingia chuo kikuu kwa stashahada zao. Vyuo hivyo viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na vina maombi yao na tarehe zao. Mtu asikucheke. Jirani atakayekuita mtoto wa kufeli hakukulipia hata daftari moja. Lakini uwe umesajili cheti chako cha kuzaliwa, maana huko nako wataulizia.

Jueni pia kwamba nawaombea, kila mmoja kwa jina lake, na jina lililoandikwa sawasawa. Nawapenda, na ndiyo sababu nawafokea. Nimewaona mkienda shule ya msingi na fagio mkononi, nimewaona mkirudi mmelowa mvua ya masika, na nataka niwaone mkipanda basi la kwenda chuo na begi lenu na bahasha yenu mkononi.

Kwa walio mtaa wetu: wiki hii yote hadi mkesha wa Krismasi nitakuwa ofisini kuanzia saa tatu asubuhi, kwa ajili yenu tu. Njooni na vyeti vyote viwili tuvisome pamoja. Mwenye tatizo la jina tutamwandikia barua ya utambulisho ya kwenda nayo wilayani. Mwenye ndugu aliyefungia cheti cha kifo, aniletee namba ya simu ya huyo ndugu, nami nitamwendea mwenyewe pamoja na mjumbe na shehe au mchungaji wa nyumba yao. Na muhuri wa serikali ya mtaa kwenye fomu ya mwanafunzi haulipiwi. Atakayekudai hata shilingi mia tano kwa ajili ya muhuri, awe nani, uje uniambie siku hiyohiyo.

Babu yenu na mwalimu wenu,
Mwenyekiti wa Mtaa